Wenye Kuchechemea Nao Waandikwe

Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Maneno hayo yanatufaa sana tunapotazama matibabu ya mifupa katika nchi yetu. Mtu aliyevunjika paja barabarani huonekana na kila mpita njia. Hubebwa, hupiga kelele za maumivu, na hospitali nzima humsikia. Bali mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda, au mzee ambaye nyonga yake imesagika, hukaa nyumbani kimya. Na kwa kuwa hayupo mlangoni mwa hospitali, shauri lake nalo halipo mezani. Leo twataka kulileta shauri hilo mezani, nasi twalitazama kutoka kata ya Sigino, katika Mji wa Babati, mkoani Manyara.

Upasuaji wa mifupa ni wa namna mbili. Upo wa dharura, ambao haungoji kesho. Na upo wa kupangwa, ambao mgonjwa hupewa tarehe yake: kunyosha matege, kurekebisha mguu kifundo, kuweka nyonga au goti la bandia. Neno hili “kupangwa” limewapoteza wengi, wakadhani kwamba huo ni upasuaji wa anasa, mtu akitaka aufanye, asipotaka auache. La hasha! Mtoto mwenye matege makali asiponyoshwa mapema, magoti yake husagika kabla ya wakati. Mkulima wa mbaazi na mahindi ambaye nyonga yake haikunjiki hawezi kushika jembe, na siku asiyoshika jembe ndiyo siku kaya yake inapoanza kupungukiwa. Tarehe ya upasuaji yaweza kusogezwa. Lakini mwili wa mgonjwa hausimami kumngojea.

Haifai kusema kwamba taifa limekaa bure. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mjini Moshi mwaka 1971, na mwaka 1981 kikaanzishwa hapo chuo cha TATCOT, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kunyoshea viungo. Mwaka 1996 Bunge lilitunga sheria iliyoifanya Taasisi ya Mifupa Muhimbili, yaani MOI, isimame kwa miguu yake. Profesa Philemon Sarungi, aliyefariki dunia Machi 2025, alikuwa miongoni mwa madaktari bingwa wa kwanza wa mifupa waliotokana na wananchi wenyewe. Upande wetu, hospitali ya misheni ya Haydom wilayani Mbulu inatibu watu tangu mwaka 1955. Mkoa wa Manyara ulipozaliwa mwaka 2002 ukitoka katika Mkoa wa Arusha, Babati ikawa makao makuu yake, na leo hospitali ya rufaa ya mkoa iko hapo hapo Babati. Barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati, yenye kilometa 251, ilizinduliwa mwaka 2018.

Basi, ikiwa barabara ipo na hospitali zipo, kwa nini wenye kuchechemea bado wanachechemea?

Sababu ya kwanza ni kitanda. Tangu pikipiki za abiria zilipoenea mijini na vijijini, wodi za mifupa zimejaa majeruhi. Kila ajali ya usiku humsukuma nyuma mgonjwa aliyepewa tarehe ya asubuhi, wala hatuwezi kumlaumu daktari anayemwokoa kwanza yule anayevuja damu. Zamani aliyevunjika paja alilazwa majuma mengi, mguu ukiwa umevutwa kwa uzito. Siku hizi madaktari wa MOI na wa hospitali nyingine hutumia chuma kinachopenyezwa ndani ya mfupa. Mojawapo ya vyuma hivyo hutengenezwa na shirika la SIGN la Richland, Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999, nacho kilibuniwa kwa makusudi ili kifungwe hata pale ambapo chumba cha upasuaji hakina mashine ya kuonyesha picha za eksirei. Mgonjwa huinuka mapema na kitanda huachwa wazi. Kwa hiyo kumtibu vizuri majeruhi ni njia mojawapo ya kumfungulia mlango mwenye matege.

Sababu ya pili imo ndani ya maji tunayokunywa. Sigino iko katika ukanda wa Bonde la Ufa, ambamo ardhi ya volkano huyapa maji ya chemchemi na visima vingi madini ya floraidi. Floraidi kidogo hulinda meno. Ikizidi, meno hupata rangi ya kahawia. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hudhuru mifupa yenyewe, na watoto wa kaskazini mwa nchi yetu wameonekana wamepinda miguu kwa sababu hiyo. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha miligramu 1.5 katika lita moja, ambapo kwa miaka mingi kipimo cha muda cha maji ya vijijini hapa nchini kiliruhusu hadi miligramu 8. Tena yako magadi, ambayo akina mama huyatia katika makande ili maharage yaive upesi. Magadi ya Bonde la Ufa nayo yaweza kubeba floraidi nyingi. Si kila tege ni la floraidi, maana lishe duni nayo hupinda mifupa. Lakini kumnyosha mtoto kwa kisu, kisha kumrudisha kwenye kisima kile kile kilichomdhuru, ni kuteka maji kwa pakacha.

Sababu ya tatu ni umbali na nauli, na hapa tutatoa mfano wa mguu kifundo. Kati ya watoto elfu moja wanaozaliwa, mmoja hivi huzaliwa nao. Daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, alionyesha kwamba wengi wao hawahitaji kupasuliwa upasuaji mkubwa. Mtoto mchanga hunyoshwa mguu taratibu kwa mikono na kufungwa plasta ngumu, ile ambayo watu huiita hogo, ikibadilishwa kila juma kwa mara tano hadi saba. Kisha mshipa mgumu wa kisigino hukatwa kidogo, na mtoto huvishwa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma: karibu mchana kutwa na usiku kucha kwa miezi mitatu, halafu wakati wa kulala mpaka afikishe miaka minne au mitano. Dawa hiyo ni rahisi, lakini yadai uvumilivu. Hebu na tufikiri juu ya mama wa Sigino ambaye lazima asafiri kila juma kwenda mbali, mgongoni ana mtoto, nyumbani ameacha wengine, na shambani palizi inamngoja. Akikosa nauli ya juma la tatu, kazi ya majuma mawili imepotea. Yale mashirika yaliyofungua nyumba za kulaza watoto kabla na baada ya upasuaji, kama Plaster House ya Arusha, yameuelewa ukweli huu.

Na iko fedha. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ulioanza mwaka 2018, ulitoza shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na huduma zake ziliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Mambo makubwa ya mifupa yalikuwa mbele ya mpaka huo. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Tunaipongeza sheria hiyo, nasi twaongeza kwamba mwananchi ataipima kwa kitita chake: je, nyonga ya bandia imo? Viatu vya mtoto wa mguu kifundo vimo?

Wako watakaosema kwamba hata nchi tajiri zimeshindwa. Ni kweli Uingereza, yenye huduma ya afya ya umma tangu mwaka 1948, ilifikisha maombi zaidi ya milioni 7.7 yaliyokuwa yakingoja matibabu mwezi Septemba 2023, na kundi la mifupa likiwa miongoni mwa makubwa kabisa. Lakini tutazame vizuri. Foleni ile imeandikwa. Kila mwezi inahesabiwa, inatangazwa, na serikali inaulizwa. Tena Waingereza walijifunza kutenganisha: huko Epsom, karibu na London, tangu mwaka 2004 kipo kituo kinachofanya upasuaji wa mifupa wa kupangwa tu, ambao ajali za usiku haziwezi kuuahirisha. Foleni yetu haijaandikwa. Imetawanyika vijijini, nyuma ya milango, na aliye ndani yake hajui kwamba yumo.

Kwa hiyo twasema mambo manne. Kwanza, kila mkunga akague nyayo za kila mtoto anayezaliwa, na mhudumu wa afya wa kila kijiji aandike kila mwenye matege, mguu kifundo au nyonga mbovu, daftari hilo lifike Babati na lisomwe. Pili, plasta za watoto zibadilishwe katika hospitali ya mkoa kila juma, na siku moja ya chumba cha upasuaji iwe ya waliopangwa, isiguswe ila kwa janga. Moshi na Dar es Salaam waende wale tu ambao kweli hawana budi kwenda. Tatu, kila kisima kipimwe floraidi kabla ya pampu kufungwa, na matokeo yabandikwe mahali wananchi watakapoyasoma. Nne, wazazi wasimfiche mtoto wala kungoja mpaka akue, maana mguu wa mtoto mchanga hunyosheka kwa mikono, na wa mtu mzima hudai msumeno.

Hayo hayahitaji majumba mapya. Yahitaji daftari, kalamu, na viongozi watakaouliza kila mwezi: ni wangapi wameandikwa, na ni wangapi wameinuka? Wananchi wa Sigino nao wawe wa kwanza kuliuliza swali hilo katika mkutano wao wa kijiji.