Utambi Ukae Katikati: Chombo cha Kujitengenezea kwa Wafanyao Mishumaa

Mshumaa unaomiminwa ndani ya kopo au bilauri una faida zake. Hauhitaji kinara, haudondoshi nta mezani, na mtu mwenye sufuria mbili, jiko la makaa na nta kidogo aweza kuutengeneza nyumbani kwake. Wafugaji wa nyuki wa Ukambani, Baringo na kwingineko hubaki na masega matupu baada ya kukamua asali, na masega hayo ndiyo nta. Kuyatupa ni kutupa fedha. Lakini katika kazi hii liko jambo moja ambalo wengi hulidharau, nalo ndilo liamualo kama mshumaa utafaa au utaleta hasara. Utambi lazima usimame katikati hasa ya chombo, tangu chini hadi juu.

Mimi nalijifunza jambo hilo kwa njia mbaya. Usiku mmoja umeme ulipokatika niliwasha mshumaa wa bilauri nilioununua sokoni. Utambi wake ulikuwa umeegemea upande mmoja, karibu kugusa kioo, nami sikujali. Watoto walikuwa mezani wakifanya kazi zao za shule. Baadaye tulisikia mlio kama wa kijiti kikivunjika. Bilauri ikapasuka toka juu mpaka chini, nta ya moto ikamwagika juu ya madaftari, na utambi ukaanguka kwenye kitambaa cha meza ungali unawaka. Nilikuwapo, nikauzima kwa kuufunika kwa sufuria. Kama ningalikuwa nimelala, habari ingalikuwa nyingine. Simlaumu sana aliyeutengeneza, kwa maana yamkini alikisia kwa macho tu, na jicho hudanganya.

Tufahamu kwanza sababu. Kiwakacho hasa katika mshumaa si utambi. Joto la mwali huyeyusha nta iliyo karibu, nta hiyo hupanda katika nyuzi za utambi kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi wa taa, na ifikapo juu hugeuka kuwa mvuke. Mvuke huo ndio uwakao. Mtaalamu wa Kiingereza, Michael Faraday, aliwaeleza vijana mambo haya katika Royal Institution huko London, wakati wa Krismasi ya mwaka 1860 na kuingia mwaka 1861. Alionyesha kwamba hewa ipandayo kandokando ya mshumaa wa kawaida hupoza ukingo wake, ukingo ukabaki mgumu, na katikati pakafanyika kikombe cha kushika nta iliyoyeyuka.

Mshumaa wa kopo haujifanyii kikombe. Kopo lenyewe ndilo kikombe. Mwali ukiwa katikati, joto hufika pande zote sawasawa na nta huyeyuka mpaka ukingoni. Mwali ukisogea kando, upande mmoja wa kioo hupata joto jingi na kutanuka, na upande wa pili hubaki baridi. Kioo hakivumilii kuvutwa hivyo, hupasuka. Kopo la bati halipasuki, lakini upande wake huwa wa moto kiasi cha kuunguza mkono, na nta ya upande wa mbali husimama kama ukuta, isiyeyuke wala isiwake. Mnunuzi aliyelipia kopo zima hupata mwanga wa nusu kopo, naye harudi tena kununua.

Basi tutengeneze chombo. Kina sehemu mbili, kwa kuwa utambi una ncha mbili, na kila ncha hupotea kwa namna yake. Hapa nitatumia mfano wa kopo lenye mdomo wa sentimita 7 na kina cha sentimita 8. Wenye vyombo vingine watabadili vipimo.

Sehemu ya kwanza ni ya kuweka ncha ya chini. Lifudikize kopo juu ya karatasi, uchore duara kulizunguka, kisha ulikate duara hilo. Likunje katikati, halafu ulikunje tena, na ulifungue. Mikunjo miwili ikutanapo ndipo kitovu cha duara. Njia hii ni rahisi, wala haihitaji bikari.

Tafuta kipande cha ubao chenye unene wa sentimita 2 na upana wa sentimita 10 kila upande. Bandika karatasi yako juu yake, na pale kwenye kitovu utie alama kwa ncha ya msumari. Hapo toboa tundu lipite mpaka upande wa pili. Asiye na keekee aweza kutumia chuma kilichopashwa moto mpaka kikawa chekundu. Wengine watauliza kwa nini tusitoboe kifuniko cha kopo lenyewe, nasi tukaacha ubao. Kifuniko ni chembamba mno. Bomba likipita humo huyumba huku na huku, na chombo kiyumbacho hakitufai. Unene wa ubao ndio ushikao bomba likasimama wima.

Sasa pigilia misumari midogo minne kuzunguka duara la karatasi, kwa nje ya mstari, iwe imegusana nao. Ugeuze ubao, uuweke juu ya mdomo wa kopo kama kofia. Misumari italikumbatia kopo kwa nje na ubao hautateleza upande wowote.

Bomba laweza kuwa mwanzi mwembamba ulionyooka, au kipande cha bomba la chuma. Kwa kopo letu likate liwe na urefu wa sentimita 15. Lipite katika tundu kwa kubana kidogo, lipande na kushuka bila kutikisika. Likilegea, lizungushie karatasi yenye gundi mpaka litoshe.

Kabla ya kukitumia chombo, kijaribu. Paka ncha ya bomba masizi, weka ubao juu ya kopo tupu, kisha shusha bomba liguse chini na kuacha alama. Uinue ubao pamoja na bomba, uzungushe nusu mzunguko, uuweke tena na kugonga mara ya pili. Alama zikilaliana, tundu limenyooka. Zikiachana, tundu limekwenda upande, na kitovu cha kweli ni katikati ya alama hizo mbili. Mwenye kuona tofauti kubwa na atoboe ubao mwingine. Kipande cha ubao ni rahisi kuliko nta iliyoharibika.

Sehemu ya pili ni ya kushika ncha ya juu. Hiyo ni rahisi zaidi, lakini ina siri yake. Chukua kipande chembamba cha ubao, urefu sentimita 11 na upana sentimita 2. Tia alama katikati kabisa, kwa urefu na kwa upana, kisha ukate kwa msumeno mwembamba kutoka ukingoni mpaka kwenye alama hiyo. Mwanya huo ndio utakaobana utambi. Halafu, kwa upande wa chini, pigilia misumari miwili midogo, mmoja huku na mmoja huku, kila mmoja ukiwa sawa mbali na katikati, na nafasi baina yake ipimwe hivi kwamba misumari yote miwili iguse ukingo wa kopo kwa ndani. Siri yenyewe ni hii: mstari upitao katikati ya duara ndio mrefu kuliko yote iwezayo kuchorwa humo. Kwa hiyo kijiti hakiwezi kwenda mbele wala nyuma, kwa kuwa misumari imezuiliwa na ukingo. Na kikijaribu kusogea kando, nafasi huwa fupi, misumari ikakwama. Hukaa katikati chenyewe, hata ukikiweka gizani.

Utambi nao wataka mguu. Kata kiduara cha bati laini chenye upana wa sentimita 2. Kitoboe katikati kwa msumari kutoka chini kwenda juu, ili bati lililochanika lisimame kama kola ndogo upande wa juu. Pitisha utambi, ubane kola kwa koleo, kisha ukate utambi sawasawa na bati kwa chini. Usipige fundo, maana fundo litauinua mguu upande mmoja. Utambi uwe wa nyuzi za pamba zilizosukwa, si nailoni, kwa kuwa nailoni huyeyuka. Uchovye kwanza katika nta ya moto, uuvute unyooke, uuache ukauke. Utambi laini hupinda mara nta imiminwapo.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la sentigredi 62 hadi 64 hivi, basi maji ya moto yatosha. Weka sufuria ndogo yenye nta ndani ya sufuria kubwa yenye maji. Usiiweke nta moja kwa moja juu ya makaa, wala usiiache peke yake hata kwa dakika moja. Ikishika moto, ifunike kwa kifuniko. Kuimwagia maji ni kuurusha moto nyumba nzima.

Mimina kwanza nta kidogo, kiasi cha nusu sentimita. Pitisha utambi ndani ya bomba, mguu ukiwa chini, weka ubao juu ya kopo na ushushe bomba likandamize mguu ungali nta laini. Subiri mpaka nta igande, ndipo uvute bomba juu polepole, uuache utambi umesimama. Watu wenye haraka hukosea hapa: humimina nta yote mara moja ikiwa ya moto sana, ile ya chini ikayeyuka tena na mguu ukaelea. Acha nta ipoe kidogo, mpaka uanze kuona utando mwembamba kandokando ya sufuria, kisha ujaze kopo. Mara moja weka kijiti cha juu, vuta utambi kidogo uingie katika mwanya, uuache hapo.

Nta ipoapo hunywea, na kwa kawaida hufanya shimo kuzunguka utambi. Bakiza nta kidogo ya kulijaza, wala usikiondoe kijiti mpaka mara hiyo ya pili nayo imeganda kabisa.

Siku ya pili kata utambi ubaki kama milimita 6 juu ya nta, uwashe mshumaa mmoja wa kila fungu, ukae nao. Kwa kopo la sentimita 7, baada ya saa tatu hivi nta iliyoyeyuka yapasa iwe imekaribia ukingo pande zote. Ikiwa pande zote zimebaki ngumu kwa kadiri moja, kosa si la katikati. Utambi ni mwembamba mno, tumia mnene zaidi. Ikiwa upande mmoja tu umebaki, rudia kulijaribu bomba kwa masizi. Mwambie pia mnunuzi azime mshumaa nta ibakipo sentimita 1 chini, kwa maana hapo joto hufika kwenye kitako cha chombo na meza iliyo chini yake.

Bomba likizibwa na nta, litie katika karai la maji ya moto, na nta itaelea juu ukaiokota ikishaganda. Maji hayo usiyamwage katika sinki, maana mabaki ya nta yatagandia humo.