Mtoto Akichapia, Msikilize Vizuri

Mwalimu wa darasa la kwanza anagusa pua yake na kusema, "This is my nose. Repeat after me." Darasa zima linaitikia kwa nguvu zote: "This is my nose, repeat after me!" Anajaribu njia nyingine. Anamwita mtoto mmoja mbele aseme peke yake. Mtoto anakuja mbio, ananyoosha mkono, anagusa pua ya mwalimu na kutamka bila kusita: "This is my nose."

Wanaofundisha Kiingereza kwa watoto wadogo wana visa vya namna hii tele, na vinachekesha kweli. Lakini kwa sisi tunaochunguza namna watoto wanavyojifunza lugha, utamu wa kisa uko katika sababu yake. Huyu mtoto hakubahatisha. Pua iliyotajwa darasani ni ya mwalimu, naye kaiendea hiyo hiyo. Hajajua bado kwamba "my" huhamia kwa kila anayesema. Hata katika lugha ya mama, wapo watoto wadogo wanaojikwaa kwenye "yangu" na "yako". Dawa yake ni rahisi: waite watoto wawili mbele, kila mmoja aguse pua yake na kuitaja. Wenzao wakiona pua mbili tofauti zikiitwa "my nose", mambo yanajipanga.

Na lile la "repeat after me"? Mtoto hupokea lugha mpya kama furushi lililofungwa. Kulifungua na kuona kilichomo huja baadaye. Ndiyo maana mgeni anayepita kijijini saa kumi na moja jioni anasalimiwa kwa "Good morning, teacher!" Watoto wanajua fika kwamba ni jioni. Wanalolijua pia ni kwamba maneno hayo hupewa mtu mzima anayestahili heshima, na hapo hawajakosea hata kidogo.

Kuna kosa moja nalipenda kuliko yote, na watoto wetu wa Kiswahili hulifanya sana. Muulize mtoto wa darasa la tatu ratiba yake, akujibu: "I wake up at twelve o'clock. I go to school at one o'clock." Mwalimu aliyetoka Uingereza atashangaa mtoto gani huyu anayelala mpaka adhuhuri. Mtoto wa watu kaamka saa kumi na mbili alfajiri na saa moja yuko njiani na begi lake! Sarufi yake haina dosari. Alichobeba ni saa yetu, inayoanza kuhesabu jua linapochomoza. Huku karibu na ikweta jua halibadilishi sana ratiba yake mwaka mzima, kwa hiyo hesabu hiyo inatutosha. London isingewezekana: mwezi Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na mwezi Desemba hungoja mpaka saa mbili asubuhi.

Kumwambia mtoto huyu "umekosea" tu hakumfundishi kitu. Shusha saa ya ukutani, mpe aishike. Mwonyeshe kwamba mshale mfupi ukiwa kwenye 6, sisi husoma namba iliyo upande wa pili, 12, na kwa Kiingereza husomwa ile ile inayoonyeshwa na mshale. Watoto hulipenda somo hili, kwa sababu wanagundua kwamba wamekuwa wakisoma saa kwa ustadi siku zote.

Kosa lingine huwatia wazazi hofu. Mtoto alikuwa akisema "I went" vizuri kabisa, ghafla anaanza "I goed". Mzazi anamfuata mwalimu: mwanangu amerudi nyuma. Kwa kweli amesonga mbele. Ile "went" aliikariri nzima. Sasa ameng'amua kwamba Kiingereza huongeza sauti fulani mwishoni mwa kitenzi kuonyesha jambo lililopita, na anaitumia kanuni hiyo kila mahali. Mwaka 1958 mtafiti wa Marekani, Jean Berko, aliwaonyesha watoto wadogo picha ya kiumbe alichokibuni mwenyewe na kukipa jina la "wug". Alipowaonyesha viumbe wawili, wengi walisema "wugs", neno ambalo hawakuwahi kulisikia popote. Walikuwa na kanuni kichwani. Watoto wazawa wa Kiingereza nao husema "goed" na "foots", kisha huacha.

Tangu mwaka 2024 mtaala mpya Tanzania Bara umeingiza Kiingereza kuanzia darasa la kwanza, wakati awali katika shule za serikali kilianza darasa la tatu. Visa vitaongezeka, na nafurahi. Ninachokihofia ni kicheko cha "kachapia huyo!" kinacholipuka mtoto anapojaribu ung'eng'e. Mtoto wa miaka saba akichekwa mara mbili tatu hunyamaza, na akinyamaza mwalimu hana tena pa kuona anavyofikiri.

Cheka naye, kisha mjibu kama mtu aliyekuambia jambo la maana. Akisema, "We goed to Mwanza," mwambie, "You went to Mwanza! Who went with you?" Amesikia umbo sahihi mara mbili, hakukatizwa, na bado ana safari ya kusimulia.