Ile X ya Kijani Ukutani

Geto langu lipo Mkolani, kando ya Barabara ya Kenyatta, na ukutani pana X ya kijani. Nilipohamia niliuliza, mama mwenye nyumba akanijibu, "Mwanangu, hiyo ipo tu, wewe lipa kodi."

Haipo tu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilitanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati ya barabara. Aliyevamia zile 22.5 huchorewa X nyekundu: anabomolewa bila fidia. Aliyekutwa kwenye 7.5 za nyongeza huchorewa ya kijani: ana haki ya fidia, ila analipwa eneo likihitajika. Lini? Hapo ndipo pagumu. Mama hathubutu kuongeza hata chumba cha uani.

Shida naiona kwenye mgawanyo wa kazi. Barabara kuu ni za TANROADS. Za mitaa ni za TARURA, iliyoanzishwa 2017. Kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri. Wasipokaa meza moja, mtu anapewa kibali huku, anachorewa X kule.

Na magari hayapungui. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, foleni ya kivuko imekwisha. Malori ya Geita yanafika Usagara na kuingia jijini kwa barabara hii hii ya kwetu.

Jumapili alfajiri, barabara ikiwa tupu, tulipima kwa kamba mimi na mama. Mita 26. Ameandika kwenye daftari la kodi.