Israeli na Majirani Zake wa Kiarabu

Israeli ni nchi ndogo kuliko Rwanda. Hata ukiihesabu pamoja na Milima ya Golan na Yerusalemu ya Mashariki, eneo lake ni kama kilomita za mraba 22,000, na zaidi ya nusu ya hizo ni jangwa la Negev. Karibu na mji wa Netanya, kutoka ufukwe wa Mediterania hadi mpaka wa eneo la Wapalestina la Ukingo wa Magharibi ni kama kilomita 15, mwendo ambao mtembea kwa miguu anaumaliza kabla ya adhuhuri. Upande wa mashariki ardhi inaporomoka hadi Bahari ya Chumvi, ambayo ufukwe wake uko zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari. Watu wake wanakaribia milioni 10, na mmoja katika kila watano ni Mwarabu.

Msomaji wa Kiswahili amelisikia jina la nchi hii tangu utotoni. Aliyelelewa kanisani amelisikia katika Zaburi na Manabii. Aliyepita madrasa amesoma habari za Bani Israili na safari ya Mtume kwenda al-Aqsa. Ndiyo maana wengi wetu tunapoisikia kwenye taarifa ya habari tunadhani tunaijua. Lakini dola inayotajwa kwenye habari ilitangazwa mwaka 1948, miaka 13 tu kabla ya uhuru wa Tanganyika, na ugomvi wake na majirani hauanzii kwa Ibrahimu wala kwa Daudi. Umeanza nyakati za babu zetu, na kila hatua yake ina tarehe.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Jaffa, bandari kongwe ya Waarabu iliyojulikana Ulaya kwa machungwa yake. Mwaka 1909 familia 66 za Kiyahudi zilikusanyika kwenye matuta ya mchanga kaskazini mwa mji huo kugawana viwanja walivyokuwa wamenunua. Walipiga kura kwa kombe za pwani: nyingine zimeandikwa majina ya familia, nyingine namba za viwanja, zikachomolewa mbilimbili. Mchanga ule ndio Tel Aviv, jiji kubwa la biashara la Israeli. Jaffa nayo iliangukia mikononi mwa majeshi ya Kiyahudi Mei 1948. Kati ya makumi ya maelfu ya Waarabu wake walibaki elfu chache, na mji wenyewe ukaunganishwa na Tel Aviv. Anayetembea pwani hiyo leo anapita kutoka mji mmoja kwenda mwingine bila kuona mpaka wowote.

Wale wa kombe walitoka wapi? Wengi walitoka Urusi na Ulaya ya Mashariki, ambako tangu mwaka 1881 Wayahudi walikuwa wakishambuliwa na makundi ya watu, wakiuawa na nyumba zao kuchomwa, huku polisi wakitazama. Theodor Herzl, mwandishi wa habari wa Vienna, alifikia uamuzi kwamba Myahudi hatapata usalama Ulaya mpaka awe na dola yake. Alitoa kitabu cha hoja hiyo mwaka 1896, na mwaka uliofuata akaitisha mkutano wa kwanza wa Wazayoni, yaani Wayahudi waliotaka dola hiyo, huko Basel, Uswisi. Macho yao yalikuwa Palestina, nchi ya mababu zao, wakati huo ikitawaliwa na Waturuki. Nchi hiyo haikuwa tupu. Wakazi wake walio wengi sana walikuwa Waarabu, Waislamu na Wakristo, wenye mashamba ya mizeituni, miji na masoko.

Hapa Afrika Mashariki tunaingia katika hadithi hii kwa njia ambayo wengi hawaifahamu. Aprili 1903 Wayahudi wa mji wa Kishinev, katika dola ya Urusi, walichinjwa barabarani. Herzl alikuwa akitafuta mahali popote pa kuwaokoa watu wake, na Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, akampa wazo la nyanda za juu za Uasin Gishu, pale ulipo mji wa Eldoret leo. Mpango huo uliitwa wa Uganda, ingawa ardhi yenyewe ilikuwa imeshahamishiwa upande ambao sasa ni Kenya. Mkutano wa Basel mwaka huo ulipiga kura 295 kwa 178 kupeleka wajumbe kuikagua. Wajumbe wa Urusi, ambao ndugu zao ndio waliokuwa wakiuawa, walitoka ukumbini kwa hasira: hawakutaka ardhi nyingine ila Palestina. Watu watatu walikuja kuikagua, wakarudi na taarifa isiyotia moyo. Herzl alikuwa amekwisha kufariki Julai 1904, na mwaka 1905 mkutano ukaukataa mpango.

Katika mashauri yote yale hakuna aliyewauliza Wanandi na Wamaasai, ambao ng'ombe wao walikuwa wakilisha nyanda hizo. Uingereza iliigawa kana kwamba haina mwenyewe. Mimi naona msomaji wa kwetu akilishika jambo hili moja, ameshika nusu ya mambo ya Palestina, kwa sababu miaka 14 baadaye mambo yalikwenda vivyo hivyo kule.

Novemba 2, 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, Arthur Balfour, alitoa tamko la kuunga mkono makao ya kitaifa ya Wayahudi katika Palestina, kwa sharti kwamba haki za kiraia na za dini za jamii nyingine zisidhuriwe. Jamii hizo nyingine zilikuwa kama tisa ya kumi ya wakazi, na neno Waarabu halimo katika tamko hilo. Kabla ya hapo Waingereza walikuwa wamemwahidi Sharifu Hussein wa Makka uhuru wa nchi za Kiarabu ili awapige Waturuki, na kwa siri wakagawana nchi hizo hizo na Wafaransa. Vita vilipokwisha Uingereza ilikabidhiwa Palestina kwa udhamini wa Shirika la Mataifa, kama ilivyokabidhiwa Tanganyika. Ikajikuta imebeba ahadi ambazo haziwezi kutimizwa pamoja.

Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933, meli za wakimbizi wa Kiyahudi ziliongezeka. Waarabu waliona idadi inabadilika na ardhi inauzwa, wakaasi kuanzia 1936 hadi 1939, na Waingereza wakauzima uasi huo kwa nguvu nyingi. Kisha, ili kuwatuliza, mwaka 1939 wakabana uhamiaji wa Wayahudi hadi watu 75,000 kwa miaka mitano. Mlango ulifungwa wakati mbaya kuliko wote. Wayahudi milioni 6 waliuawa Ulaya, na waliobaki hai hawakuwa tena na subira ya kusikiliza serikali yoyote ikiwaambia wangoje.

Waingereza walichoka wakaupeleka mzigo Umoja wa Mataifa. Novemba 29, 1947 Baraza Kuu liliamua kwa kura 33 dhidi ya 13 kuigawa nchi: dola ya Wayahudi, dola ya Waarabu, na Yerusalemu chini ya usimamizi wa kimataifa. Wayahudi, waliokuwa kama theluthi ya wakazi, walitengewa zaidi ya nusu ya ardhi, sehemu kubwa ikiwa jangwa. Viongozi wao walikubali. Waarabu walikataa, wakisema hakuna mwenye haki ya kugawa nchi yao. Mapigano yakaanza mara moja. Aprili 1948 wanamgambo wa Kiyahudi waliua wanakijiji wa Deir Yassin karibu na Yerusalemu, wakiwemo wanawake na watoto. Siku chache baadaye Waarabu waliushambulia msafara wa madaktari na wauguzi uliokuwa ukielekea hospitali ya Hadassah, wakaua makumi ya watu. Khofu ilitembea haraka kuliko majeshi.

Ijumaa ya Mei 14, 1948, kabla Sabato haijaingia, David Ben-Gurion, kiongozi wa Wayahudi wa Palestina, alisoma tangazo la uhuru katika jumba la makumbusho la Tel Aviv. Rais Truman wa Marekani aliitambua serikali mpya dakika 11 tu baada ya utawala wa Waingereza kukoma usiku huo. Kesho yake majeshi ya Misri, Transjordan, Syria, Lebanon na Iraki yakaingia vitani. Yalipigana kila moja kwa mpango wake, na mikataba ya kusimamisha mapigano ilipotiwa saini mwaka 1949, Israeli ilikuwa na ardhi kubwa kuliko iliyopewa na Umoja wa Mataifa. Jordan ilichukua Ukingo wa Magharibi, Misri ikashika Gaza. Dola ya Wapalestina, yaani Waarabu wa Palestina, haikuzaliwa.

Waarabu wapatao 700,000 walikimbia au walifukuzwa. Vijiji zaidi ya 400 vilibaki bila watu, vingi vikabomolewa. Wapalestina wanakiita kipindi hicho Nakba, yaani maafa, na katika kambi za Lebanon, Jordan na Gaza wako wazee waliowarithisha wajukuu funguo za chuma za nyumba ambazo hazipo tena. Israeli haikuwaruhusu kurudi. Katika miaka iliyofuata mamia ya maelfu ya Wayahudi nao waliondoka Iraki, Yemen, Misri na Moroko, wengine kwa hiari, wengi kwa kunyang'anywa mali na kutishwa. Watoto wao ni sehemu kubwa ya Waisraeli wa leo. Kwa hiyo anayedhani Israeli ni nchi ya Wazungu tu hajawasikia akina mama wa Kiyahudi wa asili ya Baghdad wakiongea Kiarabu.

Vita vya 1956 vya Mfereji wa Suez navipita. Vya Juni 1967 siwezi kuvipita, kwa sababu ndivyo vilivyoichora ramani inayogombaniwa hadi sasa. Rais Nasser wa Misri alikuwa amefunga mlango-bahari wa Tiran, njia ya meli za Israeli, na kupanga majeshi Sinai. Israeli ikatangulia kupiga, na kwa siku sita ikatwaa Sinai, Gaza, Ukingo wa Magharibi, Yerusalemu ya Mashariki na Golan. Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 242, ulitaka Israeli iondoke katika maeneo iliyoyateka na kila dola ya eneo hilo itambuliwe na kuachwa iishi kwa amani. Badala yake walowezi wa Kiyahudi walianza kujenga makazi katika Ukingo wa Magharibi. Leo wanafikia nusu milioni, bila kuhesabu walio Yerusalemu ya Mashariki.

Oktoba 1973 Misri na Syria zilishambulia kwa ghafla, siku takatifu ya Wayahudi, ndani ya mwezi wa Ramadhani. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, zilivunja uhusiano na Israeli, ambayo miaka ya 1960 ilikuwa imesaidia kuanzisha Jeshi la Kujenga Taifa la Tanganyika. Kenya iliurudisha mwaka 1988, Tanzania mwaka 1995.

Baada ya vita hivyo lilitokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Jumamosi jioni, Novemba 19, 1977, ndege ya Rais Anwar Sadat wa Misri ilitua Israeli. Chini ya ngazi walijipanga kumpokea watu waliopigana naye, waziri mkuu wa zamani Golda Meir na jenerali Ariel Sharon miongoni mwao. Asubuhi yake, siku ya Idi ya Kuchinja, alisali katika msikiti wa al-Aqsa, Yerusalemu, kisha akasimama katika Bunge la Israeli akahutubia kwa Kiarabu: akaitambua nchi hiyo, na akadai ardhi irudishwe na haki za Wapalestina zitambuliwe. Mkataba wa amani ulitiwa saini Machi 1979, na kufikia Aprili 1982 Waisraeli walikuwa wameondoka Sinai. Sadat hakuiona siku hiyo. Aliuawa na askari wake mwenyewe Oktoba 1981. Mkataba umemzidi umri, na umestahimili mapinduzi ya Cairo ya 2011 na vita vyote vya Gaza. Umestahimili kwa sababu Misri ilirudishiwa ardhi yake. Jordan ilifuata mwaka 1994, na maji yakawa sehemu ya mkataba, jambo kubwa katika bonde lile kame.

Na Wapalestina wenyewe je? Waliasi kwa mawe mwaka 1987. Septemba 1993 waziri mkuu wa Israeli, Yitzhak Rabin, na kiongozi wa Wapalestina, Yasser Arafat, walipeana mikono Washington kwa makubaliano yaliyoitwa ya Oslo. Miaka miwili baadaye Rabin alipigwa risasi na Myahudi aliyepinga kuachia ardhi. Wapiganaji wa Kipalestina walilipua mabasi na migahawa. Israeli ikajenga ukuta na vizuizi, na mkulima wa Kipalestina akawa anaomba kibali kwenda kwenye mizeituni yake mwenyewe. Hamas, chama cha Kiislamu cha Wapalestina, ilishinda uchaguzi wao mwaka 2006, ikaitwaa Gaza mwaka uliofuata, na Israeli pamoja na Misri zikaifungia. Gaza haifiki hata robo ya Unguja kwa ukubwa, na ina watu zaidi ya milioni 2.

Mwaka 2020 Falme za Kiarabu, Bahrain na Moroko zilifungua uhusiano na Israeli bila kusubiri suala la Wapalestina. Wengi walidhani suala hilo limepitwa na wakati. Oktoba 7, 2023 Hamas ilivamia kusini mwa Israeli, ikaua watu wapatao 1,200 na kuteka 251. Vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo walikuwa miongoni mwa waliouawa, na mwili wa mmoja ulirudishwa Novemba 2025 tu. Kwa mujibu wa wizara ya afya ya Gaza, mashambulizi ya Israeli yaliyofuata yameua zaidi ya watu 70,000, na miji mizima imebaki vifusi.

Nawaomba Wakristo na Waislamu wa kwetu tusiligeuze jambo hili kuwa mechi ya dini. Kanisa la Bethlehemu lina waumini Waarabu, na Nazareti ni mji wa Waarabu. Ugomvi ni wa ardhi na haki kati ya mataifa mawili ambayo hakuna litakaloondoka.

Katika nchi nne zinazopakana na Israeli, Misri na Jordan zina mkataba wa amani nayo. Syria na Lebanon hazina. Wapalestina walio karibu nayo kuliko wote wanashikilia makubaliano ya muda ya Oslo, yaliyokusudiwa kudumu miaka mitano. Muda huo ulikwisha Mei 1999.