Raba za Vijana: Zimetoka Wapi, na Nani Aliyezipa Thamani?

Katika mambo yanayozusha maneno majumbani mwetu siku hizi, viatu vya raba si jambo dogo. Baba husema ni mavazi ya wahuni. Kijana husema ndiyo mavazi ya wakati. Mama yuko baina yao, ahesabu fedha za matumizi. Mmoja ataka kuvikataza, wa pili ataka anunuliwe vya bei ghali, na aghalabu wote wawili hawajui vimetoka wapi. Nasi tuonavyo, si haki mtu kulihukumu jambo asilolijua asili yake. Kwa hivyo tumependa mwezi huu kuwaeleza wasomaji wetu, wazee kwa vijana, habari ya viatu hivi: mitaa vilikopatia heshima, watu waliovipa heshima hiyo, na jinsi heshima yenyewe ilivyogeuzwa bidhaa.

Asili ya kiatu chenyewe

Utomvu wa mpira ukiachwa kama utokavyo mtini huwa laini na kunata kwa joto, na hukakamaa na kupasuka kwa baridi. Mwaka 1839 Mmarekani mmoja, Charles Goodyear, aligundua kuwa mpira ukichanganywa na salfa kisha ukatiwa moto hupata nguvu na hauharibiki upesi. Mwaka 1844 akapewa hati ya ugunduzi huo. Tangu hapo ikawezekana kutengeneza soli ya mpira iliyo madhubuti. Soli hiyo hailii mtu atembeapo, na ndiyo sababu Wamarekani wa pande za mashariki wakakiita kiatu hicho kwa jina litokalo katika neno la kunyemelea.

Kisha ukaja mchezo uliokihitaji. Mwaka 1891 mwalimu James Naismith, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, alibuni mpira wa kikapu ili vijana wapate mazoezi ndani ya jengo wakati wa baridi kali. Mchezaji hukimbia, husimama ghafula na huruka, basi hana budi awe na kiatu kisichoteleza. Katika jimbo hilo hilo, mjini Malden, ilianzishwa kampuni ya Converse mwaka 1908, na mwaka 1917 ikatoa kiatu cha turubai kiitwacho All Star. Hapo mwanzo kilikuwa kiatu cha kiwanjani. Hapana aliyedhani kuwa siku moja watu watavilalia mlangoni mwa duka viatu vya namna hii, wakingoja lifunguliwe.

Mitaa ya Harlem na Bronx

Ilikuwaje basi kiatu cha mchezo kikawa vazi la fahari? Jawabu lake twalipata New York, katika mitaa ya Wamarekani Weusi na wahamiaji wa visiwa vya Karibi na Puerto Rico, miaka ya 1970.

Mtaani Harlem pana kiwanja kiitwacho Rucker Park. Wakati wa joto wachezaji mashuhuri walikuwa wakija hapo kucheza na vijana wa mitaani, na watoto walisimama pembeni wakiwatazama tangu mikono mpaka miguu. Mmoja wa mashujaa wa mji huo siku hizo alikuwa Walt Frazier, mchezaji wa timu ya Knicks, mtu wa kupenda kuvaa vizuri. Yapata mwaka 1973 kampuni ya Kijerumani ya Puma ikatoa kiatu cha ngozi laini kama mahameli, kikaitwa Clyde, jina lake la utani. Mwingine alikuwa Kareem Abdul-Jabbar, mzaliwa wa mji huo huo, ambaye alisilimu na mwaka 1971 akaanza kuitwa hadharani kwa jina lake la Kiislamu. Yeye naye katika miaka hiyo alitiwa jina lake juu ya kiatu cha kampuni ya Adidas, nayo pia ya Ujerumani.

Mtaa wa Bronx ulikuwa katika dhiki kubwa zaidi. Majumba yaliungua moja baada ya moja, na mwaka 1975 serikali ya mji wa New York ilikaribia kufilisika, ikapunguza wafanya kazi na huduma. Katika mtaa huo, tarehe 11 Agosti 1973, kijana mhamiaji kutoka Jamaika ajulikanaye kwa jina la Kool Herc alipiga santuri katika karamu iliyofanywa na dada yake, ndani ya ukumbi wa jengo walimokaa, nambari 1520 Sedgwick Avenue. Karamu hiyo ndiyo ihesabiwayo kuwa mwanzo wa mtindo wa hip hop. Habari ya muziki wenyewe si bahasi yetu leo. Lakini iangalieni sababu ya karamu: yule dada alitaka kupata fedha za kununulia nguo mpya za kufungulia shule. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa wasichana na senti 50 kwa wavulana. Mtindo huu basi ulianza na mtoto wa masikini asiyetaka kuingia darasani na nguo kuukuu.

Hapo ndipo mzazi atakapofahamu raba ilikuwa na maana gani kwa vijana wale. Hawakuwa na nyumba nzuri, wala gari, wala akiba. Walikuwa na jozi moja ya viatu, wakaitunza kama johari. Walisugua soli kwa mswaki mpaka ikawa nyeupe, wakachagua gidamu pana, wakazinyosha, wakazifunga kwa namna zao wenyewe. Dunia iliwaona ni watu wa mitaa iliyoungua. Wao wakaijibu kwa unadhifu.

Wauza viatu wa Baltimore

Tusidhani kuwa makampuni ndiyo yaliyoijua thamani hii. Mwaka 1982 kampuni ya Nike ilitoa kiatu kiitwacho Air Force 1. Desturi ya biashara hiyo wakati ule ilikuwa kiatu kikikaa muda kidogo huondolewa, kikaletwa kingine. Yapata mwaka 1984 Air Force 1 nayo ikawa katika njia hiyo hiyo ya kusahauliwa.

Katika mji wa Baltimore, jimbo la Maryland, walikuwako wenye maduka matatu waliokuwa wakisikia kila siku vijana wakikiulizia kiatu kile. Wakaenda kwa kampuni, wakaiomba iendelee kukitengeneza, nao watakinunua. Kampuni ikakubali, na maduka yale yakawa yakileta rangi mpya mwezi baada ya mwezi. Vijana wakawa wakisafiri kutoka Philadelphia na New York mpaka Baltimore kutafuta rangi ambayo kwao haipatikani. Mtaani Harlem kiatu hicho kikapendwa hata kikapewa jina la pande zile za juu za mji. Leo, baada ya zaidi ya miaka 40, bado chauzwa dunia nzima. Aliyekiokoa ni muuza duka aliyemsikiliza kijana mlangoni mwake.

Daktari na vijana wa Queens

Ugomvi wa baba na mwana tuliotaja mwanzo haukuzaliwa kwetu. Katika mtaa wa Queens, hapo hapo New York, vijana walizuka kuvaa raba bila gidamu. Daktari mmoja wa pande hizo, mtu mwenye kuwatakia mema, aliona ni kuiga wafungwa, kwani gerezani mtu hunyang'anywa gidamu zake. Akatunga maneno ya kuwaonya.

Vijana watatu wa mtaa wa Hollis, waitwao Run-DMC, wakajibu mwaka 1986 kwa wimbo uitwao My Adidas, ambao kwa ufupi maana yake ni kuwa viatu havimfanyi mtu kuwa mwovu. Mwaka huo huo, katika ukumbi wa Madison Square Garden, waliwaambia watu wainue viatu vyao juu. Maelfu ya viatu yakainuliwa, na mkubwa mmoja wa Adidas alikuwamo ukumbini akitazama. Baadaye kampuni ikawapa mkataba ambao hutajwa kuwa wa dola milioni 1 au zaidi.

Katika kisa hiki kila mmoja alikuwa na lake la haki. Daktari alijali mwenendo wa watoto, na watoto walichoka kudhaniwa wezi kwa ajili ya miguu yao. Lakini aliyeondoka na faida kubwa ni wa tatu, aliyekaa kimya akihesabu viatu.

Heshima ikatiwa bei

Mwaka 1985 Nike ilitoa kiatu cha mchezaji Michael Jordan kwa dola 65, bei iliyokuwa kubwa kwa wakati ule. Kikapendwa mno, na bei za waliofuata zikapanda mwaka hata mwaka. Katika mwaka wa hesabu wa 2022 pato la chapa hiyo peke yake lilizidi dola bilioni 5.

Pamoja na bei likaja balaa. Mwaka 1989, katika jimbo lile lile la Maryland, kijana wa miaka 15 aliuawa kwa ajili ya jozi ya viatu hivyo. Mwezi wa Mei 1990 jarida la Sports Illustrated lilitoa habari ya mauaji na unyang'anyi wa namna hiyo, likaiweka ukurasa wa mbele. Yatafakarini haya, enyi wazazi na vijana. Kile kilichokuwa ngao ya mtoto masikini dhidi ya dharau sasa kikawa sababu ya kumwaga damu yake. Mpira ni ule ule na gidamu ni zile zile. Kilichozidi ni bei, na fahari iliyofungamana na bei.

Walikuwako waliojaribu kuurudisha ukweli mahali pake. Hakeem Olajuwon, Mwislamu mzaliwa wa Lagos, Nigeria, aliyeiongoza timu ya Houston Rockets kuwa bingwa mwaka 1994 na 1995, na ambaye alikuwa akifunga Ramadhani hata siku za kucheza, alikubali jina lake litiwe katika kiatu cha kampuni ya Spalding kilichouzwa chini ya dola 40, na hali viatu vya mashuhuri wenzake vilipita dola 100. Alifanya hivyo akiwafikiria wazazi wasio na uwezo. Mwaka 2006 Stephon Marbury, aliyekulia katika nyumba za watu wa kipato kidogo huko Coney Island, alitoa kiatu cha dola 14 na senti 98, akakivaa mwenyewe katika michezo mikubwa. Duka lililokuwa likikiuza lilifilisika mwaka 2008, na vya ghali vikabaki vikitamaniwa. Walakini watu hawa walithibitisha jambo moja: mchezaji hodari haongezewi uhodari na bei ya kiatu.

Tunalolipata katika habari hii

Kwetu pwani na bara, raba nyingi huja katika marobota ya mitumba. Nenda Kongowea mjini Mombasa, au Gikomba mjini Nairobi, utamkuta kijana amechagua jozi iliyochakaa, akaenda nayo nyumbani, akaisugua kwa mswaki na sabuni mpaka ikang'aa. Huyo, bila ya kujua, afanya lile lile walilofanya vijana wa Bronx. Je, huyu ni mhuni? Sisi twasema la. Huyu ni mtu anayejiheshimu kwa alichonacho, na dini yetu haikumkataza mtu unadhifu wala kuvaa vizuri. Kilichokatazwa ni israfu na kujivuna.

Kwa hivyo tunayo maneno mawili. La kwanza ni kwa wazazi. Msimpachike mtoto jina la uhuni kwa kuangalia miguu yake. Sisi tunaosomesha vyuoni twaviona viatu mlangoni kila siku, na hatujapata kuona kiatu kikatujulisha nani amehifadhi sura yake na nani hakuhifadhi. Mwulizeni kijana anataka nini katika kiatu hicho. Akisema anataka kuwa safi mbele ya wenzake, msaidieni. Akisema anataka kuwapita wenzake, hapo ndipo pa kumnasihi, na nasaha hiyo itasikizwa zaidi ikiwa mwamjua ni nani aliyemtia tamaa hiyo.

La pili ni kwenu vijana. Thamani mnayoiona juu ya chapa haikutoka kiwandani. Ilitiwa na watoto masikini kama nyinyi, kwa mswaki na subira, kisha wengine wakaiandikia bei. Basi msiwashike wazazi wenu koo wakope fedha ili mnunue heshima ambayo watu wa asili ya mtindo huu walijitengenezea kwa mikono yao. Jozi ya kuukuu iliyosafishwa vizuri ndiyo iliyo karibu zaidi na mwanzo wa jambo hili kuliko jozi mpya iliyonunuliwa kwa deni. Na mlangoni pa msikiti zote mbili huvuliwa, zikakaa ubavu kwa ubavu, na wenyewe wakaingia ndani miguu mitupu.