Machozi Baada ya Ugonjwa Mrefu

Mzee aliyeugua miaka mingi anapofariki, majirani husema: "Amepumzika." Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayakaushi machozi. Tena machozi ya yule aliyemwuguza mara nyingi huficha aibu ambayo hathubutu kuitaja.

Jambo hili tumelishuhudia katika jamaa yetu, huko Bukavu. Bibi yetu mzaa mama alipooza upande mmoja, akalala kitandani miaka mitatu. Mama yetu mdogo alimwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akamgeuza usiku ili mgongo usifanye vidonda. Bibi alipokata roho, mama mdogo alilala usingizi mzito mchana kutwa. Alipoamka alilia akisema: "Mimi ni mtoto mbaya, nimeona raha mama alipokufa."

Sivyo hata kidogo. Aliona raha kwa kuwa mateso yamekwisha, si kwa kuwa mama hayupo. Faraja na huzuni hukaa pamoja moyoni, wala si dhambi. Hata Yesu, aliyejua kwamba atamfufua Lazaro, alilia alipokuwa akienda kaburini kwake.

Lakini twajua jinsi kilio chetu kinavyoharibika. Wafika watu ambao hawakuteka hata ndoo moja ya maji kwa ajili ya mgonjwa, nao huuliza: "Nani amemroga? Mbona hamkumpeleka kwingine?" Hapo matanga yamegeuka baraza la kuhukumu. Kupooza kwa namna hiyo hutokea mshipa wa damu kichwani unapoziba au kupasuka, na mara nyingi chanzo chake ni damu kupanda kwa muda mrefu. Wivu wa jirani haupasui mshipa.

Kosa jingine ni kumwita Padri mgonjwa akiwa amekwisha poteza fahamu, kwa kuogopa kwamba Mpako Mtakatifu unatangaza kifo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1963 kwamba jina lifaalo zaidi ni Mpako wa Wagonjwa, na mwaka 1972 Papa Paulo VI alitoa utaratibu wake mpya. Hata mzee aliyedhoofika sana kwa umri aweza kuupokea, na ugonjwa ukizidi hutolewa tena. Basi Padri aitwe mapema, mgonjwa angali aweza kusali naye.

Wala kifo hakikati undugu. Katika Misa ya ibada ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, twawaita wahenga wenye moyo mnyofu pamoja na watakatifu. Wazee wetu wangali jamaa yetu.

Kwa hiyo, tufikapo penye kilio, tuulize kwanza: ni nani aliyemwuguza? Tumshukuru mbele ya watu wote, tushike kazi za jikoni badala yake, tumwache alale. Kisha tuungane naye kumwombea marehemu. Kwa kufanya hivyo tutakuwa tumemheshimu mzee wetu.