Mkutano wa Baraza kwa Njia ya Video

Leo tutaeleza namna ya kuchagua programu ya mkutano wa video kwa mabaraza yetu ya Unguja.

Kwanza, msichague kwa kutazama simu nzuri ya mkubwa aliye Mjini. Chagueni kwa simu dhaifu ya diwani aliye Makunduchi. Asiposikia yeye, basi waliomchagua hawana msemaji.

Pili, angalieni muda. Zoom ya bure hukatika baada ya dakika 40. Google Meet ya bure, dakika 60. Je, bajeti itakwisha kwa dakika 40?

Tatu, mtandao ukilegea, zimeni picha, mbaki na sauti. Picha ndiyo ilayo mtandao zaidi.

Nne, tieni simu chaji mapema. Umeme wetu hupita chini ya bahari kutoka bara. Njia hiyo ilipoharibika Desemba 2009, Unguja ilikaa gizani miezi mitatu.

Mwisho, wakati wa kura, katibu amwite kila mjumbe kwa jina, amngoje ajibu, ndipo aandike. Aliyekatikiwa na mtandao hakukubali wala hakukataa.

Basi, kwa leo tukomee hapa. Kwaherini.